Nyumba ya mzazi na ada za makao ya wazee England: mwongozo kamili kabla hujabadilisha hati

Wazazi waliokuja England miaka ya 1970 na 1980, wakafanya kazi viwandani, hospitalini na kwenye mabasi, wakalipa mkopo wa nyumba mpaka ukaisha, sasa ni wazee. Wengine wameanza kusahau. Wengine wameanguka mara mbili tatu na ngazi hawaziwezi tena. Hapo ndipo kwenye kikao cha familia mtu husema: "Tuiandikishe nyumba jina la mtoto mapema, kaunsili isije ikaichukua." Kaunsili ni serikali ya mtaa, na hofu ni kwamba itaichukua nyumba kulipia ada za makao ya wazee.

Ushauri wangu ni kwamba usifanye hivyo kwa sababu hiyo. Jasho la mzee linastahili kulindwa, hilo halina ubishi. Lakini nyumba nyingi ambazo watu wanazihofia tayari zinalindwa na sheria yenyewe, na ile isiyolindwa ndiyo inayompa mzee nguvu ya kuchagua atalelewa wapi, na nani, akila chakula gani. Ukimwondolea nyumba, umemwondolea na sauti hiyo.

Yote yafuatayo yanahusu England peke yake. Wales mpaka wa mali ni pauni 50,000 kwa anayeingia makao ya wazee, na Uskoti haitozi huduma za mwilini kama kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa. Ndugu wa Glasgow akikupa ushauri, msikilize, lakini usiutumie Birmingham.

Ielewe hesabu kwanza

Kaunsili haichukui nyumba ya mtu. Inachofanya, kwa mujibu wa Sheria ya Malezi ya 2014, ni kupima mali na kipato cha mzee ili kujua alipe kiasi gani. Mwenye mali ya zaidi ya pauni 23,250 analipa ada yote mwenyewe. Mwenye chini ya 14,250, mali yake haiguswi, anachangia kutoka kwenye kipato tu. Aliye katikati anahesabiwa kana kwamba anapata pauni 1 kwa wiki kwa kila pauni 250 zilizozidi 14,250. Mama mwenye akiba ya pauni 17,000, kwa mfano, amezidi kwa 2,750, kwa hiyo anaongezewa pauni 11 za wiki kwenye kipato chake cha kwenye karatasi. Mipaka hii haijapandishwa tangu 2010, ingawa bei ya kila kitu imepanda, na makao mengi sasa yanatoza zaidi ya pauni 1,000 kwa wiki.

Huenda umesikia kwamba kuna kikomo cha pauni 86,000 ambacho mtu akishakilipa serikali inabeba kilichobaki. Mpango huo ulikuwepo, uliahirishwa kutoka Oktoba 2023 hadi Oktoba 2025, na Julai 2024 serikali ikaufuta. Usipange chochote juu yake.

Kaunsili inampima mzee peke yake. Akiba iliyo kwa jina la mkewe au mumewe si yake, na mali ya watoto haihusiki kabisa. Anayekwambia ujaze fomu kwa mshahara wako amekosea. Na kama mzee ana pensheni ya kazini na mwenzake amebaki nyumbani, anaruhusiwa kumwachia mwenzake nusu ya pensheni hiyo, na nusu hiyo haihesabiwi.

Hatua ya 1: Uliza kama NHS (huduma ya afya ya taifa) ndiyo inayopaswa kulipa

Familia nyingi hurukia suala la nyumba kabla ya kuuliza swali hili, na hasara yake ni kubwa kuliko kosa lolote lingine. Kuna mpango wa NHS unaoitwa Continuing Healthcare. Mzee ambaye hitaji lake kuu ni la kiafya, NHS inalipia malezi yake yote, pamoja na chumba na chakula, bila kuangalia akiba wala nyumba. Mwaka 1999 Mahakama ya Rufaa, katika kesi ya Pamela Coughlan aliyepooza kwa ajali ya barabarani, iliamua kwamba mgonjwa mwenye mahitaji mazito kama yake hawezi kusukumiwa kaunsili na kutozwa ada.

Utaratibu unaanza na fomu fupi ya kuchuja, inayojazwa na muuguzi au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Mzee akipita hapo, kunafanyika tathmini kamili inayogusa maeneo 12: kupumua, kula, kujisaidia, ngozi, kutembea, mawasiliano, hali ya akili, tabia, dawa na mengineyo. Kinachopimwa ni uzito wa mahitaji, jina la ugonjwa halitoshi. Kwa hiyo "ana dementia" (ugonjwa wa kusahau) haisaidii kitu. "Anaamka usiku mara nne, anampiga anayemvisha, anakataa dawa, amepungua kilo sita" inasaidia.

Hapa wazee wetu wana tatizo lao. Dementia ikizidi, Kiingereza alichojifunza ukubwani kinamtoka, anabaki na Kiswahili, au Kibajuni, au Chimiini. Muuguzi anaandika "mtulivu, hasumbui," kumbe mama anaumwa na hana wa kumwelewa. Kaa naye wiki mbili na daftari. Andika saa, tukio, na msaada uliohitajika. Omba mkalimani siku ya tathmini, na uwepo wewe mwenyewe. Wakikataa, omba sababu kwa maandishi na ukate rufaa.

Wasiofuzu mpango huo wana mengine ya kuuliza. Anayelelewa kwenye makao yenye wauguzi, NHS huchangia sehemu ya uuguzi, na pesa hiyo inakwenda moja kwa moja kwa makao. Anayetoka hospitali anaweza kupata hadi wiki 6 za msaada wa kumrudisha katika hali yake, bila malipo. Aliyewahi kulazwa kwa lazima chini ya kifungu cha 3 cha Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 ana haki ya huduma za bure baada ya kutoka, chini ya kifungu cha 117, na hizo zinaweza kujumuisha makao ya wazee.

Hatua ya 2: Angalia kama nyumba inahesabiwa kabisa

Mzee akilelewa nyumbani kwake, nyumba haihesabiwi. Akienda makao kwa muda tu, haihesabiwi. Akihamia moja kwa moja, bado haihesabiwi kama tangu kabla hajaondoka ilikuwa pia makazi makuu ya mmoja wa hawa:

- mume, mke au mwenza wake;
- jamaa mwenye miaka 60 au zaidi;
- jamaa mwenye ulemavu, kwa kawaida anayepata posho ya ulemavu au anayestahili kuipata;
- mtoto wake wa chini ya miaka 18.

Neno "jamaa" lina orodha yake. Wamo watoto, wakwe, ndugu, wajukuu, wajomba, shangazi, ami, na watoto wa ndugu. Binamu hayumo. Mtoto wa mama mdogo mliyelelewa pamoja na mnayeitana dada, kaunsili haitamhesabu.

Kwa ndoa, jambo ni jepesi kuliko watu wanavyodhani. Mke aliyeolewa kwa nikahi ya msikitini hapa England bila kusajiliwa serikalini si mke kisheria. Lakini katika suala hili anatambuliwa kama mwenza, na akiwa anaishi humo nyumba haiguswi. Shida yake inakuja kwenye mirathi, nitaifikia.

Vipi binti wa miaka 52 aliyeacha kazi na nyumba yake ya kupanga akahamia kwa mama kumuuguza? Hayumo kwenye orodha, ila kaunsili ina hiari ya kuiacha nyumba nje ya hesabu katika hali kama yake. Hiari haiji yenyewe. Andikeni barua: alihamia lini, aliacha nini, alifanya kazi gani ya kuuguza, na atakwenda wapi nyumba ikiuzwa. Ambatanisheni barua ya daktari na ushahidi wa anwani.

Familia nyingi zinaishia hapa, maana baba anaingia makao na mama anabaki nyumbani. Kama ndiyo hali yenu, kumwandikisha mtoto hakuna faida yoyote, na kuna hatari.

Hatua ya 3: Fahamu kwa nini kumwandikisha mtoto kunaweza kuwageukia

Kaunsili ina haki ya kuuliza nyumba ilikwenda wapi. Ikiridhika kwamba mzee alijivua mali kwa makusudi ili asilipe, itamhesabia kana kwamba bado anayo. Inatazama mambo mawili: je, kukwepa ada kulikuwa sababu kubwa ya kuitoa? Na je, wakati anaitoa, angeweza kutazamia kwamba atahitaji malezi? Bibi wa miaka 64 mwenye afya njema aliyempa mwanawe nyumba akahamia kwa binti yake ana maelezo. Bibi aliyeambiwa ana Alzheimer, aina ya dementia, mwezi wa Machi, na hati ikabadilishwa Juni, hana.

Ile "miaka saba" mnayoisikia ni ya kodi ya urithi. Kwenye ada za malezi hakuna ukomo wa miaka. Kaunsili inaweza kurudi nyuma kadiri ushahidi unavyoruhusu, ingawa kadiri muda ulivyo mrefu na mzee alivyokuwa mzima ndivyo hoja yake inavyodhoofika. Na chini ya kifungu cha 70 cha Sheria ya Malezi, aliyepokea mali anaweza kudaiwa yeye mwenyewe. Mnabaki na mzee asiye na nyumba, kaunsili inayosema anayo, na mtoto mwenye deni.

Halafu kuna hatari ambazo kaunsili haihusiki nazo. Nyumba ikishakuwa ya mtoto, ni yake kweli. Akiachana na mkewe, inaingia kwenye mgawanyo. Akifilisika, wadai wanaifuata. Akifa kabla ya mama, mama anaishi kwenye nyumba ya warithi wa mwanawe. Kama mtoto haishi humo, siku akiiuza anatozwa kodi kwa faida iliyoongezeka tangu aipokee, wakati mama mwenyewe angeuza makazi yake bila kodi hiyo. Na mama akiendelea kuishi humo bila kulipa kodi ya pango ya soko, kwa kodi ya urithi nyumba inahesabiwa bado ni yake. Ndugu wengine nao wataiangalia hati yenye jina moja tu. Hilo halihitaji wakili kulieleza.

Kuwa mwangalifu pia na kampuni zinazokodi ukumbi na kuuza "trasti ya kulinda nyumba" (amana, yaani nyumba kushikwa na wadhamini kwa niaba ya wengine) kwa maelfu ya pauni. Kuandika wosia na kuuza trasti hizi England si kazi iliyohifadhiwa kwa mawakili, hivyo muuzaji anaweza kuwa hana leseni wala bima. Mzee anapoweka nyumba yake kwenye trasti akiwa hai, kaunsili inaweza kuichunguza kwa kipimo kile kile cha kujivua mali. Tena tangazo lenyewe lililosema "epuka ada za makao" linakuwa ushahidi wa nia.

Kuna matumizi ambayo si kosa. Kulipa deni la kweli si kujivua mali. Mama aliyekuwa akituma pauni 100 kila mwezi Mombasa kwa ada za wajukuu ana desturi inayoonekana kwenye taarifa za benki. Kinacholeta maswali ni pauni 20,000 zinazotoka ghafla wiki ile ile mfanyakazi wa ustawi wa jamii alipopiga simu. Kama anataka kwenda Hija au kujenga kisima kijijini, afanye akiwa mzima, na aache maandishi ya sababu yake.

Hatua ya 4: Usiisahau nyumba ya kule

Mzee wetu mara nyingi ana kiwanja Kigamboni, nyumba ya kupangisha Nakuru, au fungu katika nyumba ya ukoo Mji Mkongwe. Mali ya nje ya nchi inahesabiwa. Kama hakuna sheria inayozuia pesa kuhamishwa kuja Uingereza, kaunsili inachukua thamani ya soko la huko, ikitoa asilimia 10 kama kuuza kutakuwa na gharama, pamoja na deni lolote lililowekwa juu ya mali. Kama uhamisho umezuiwa, inachukuliwa bei ambayo mnunuzi aliye Uingereza angekubali kutoa, na mara nyingi hiyo ni ndogo sana.

Tangazeni ukweli, lakini tangazeni ukweli wote. Nyumba ya ukoo ambayo marehemu babu hajagawiwa mirathi yake si ya mzee peke yake, hata kama ndiye anayelipia mabati. Tafuteni hati, barua ya msimamizi wa mirathi, na ripoti ya mthamini aliyesajiliwa wa Tanzania au Kenya. Kuficha ni udanganyifu, na unaweza kuleta madai ya miaka ya nyuma.

Hatua ya 5: Mambo matatu ya kufanya mzee akiwa bado na akili timamu

La kwanza ni hati ya uwakala wa kudumu, inayowapa aliowachagua mzee mamlaka ya kuamua kwa niaba yake. Ziko mbili, moja ya mali na fedha, nyingine ya afya na malezi, na zote husajiliwa na ofisi ya serikali iitwayo Office of the Public Guardian. Bila hati hizo, mzee akipoteza uwezo wa kuamua hakuna mtoto mwenye mamlaka ya kuuza nyumba, kuipangisha wala kutia saini mkataba na kaunsili. Itabidi kwenda Mahakama ya Ulinzi, kwa miezi na gharama kubwa. Kama mna nguvu ya kufanya jambo moja tu kutoka mwongozo huu, fanyeni hili. Chagueni watoto wawili wanaosikilizana.

La pili ni namna wazazi wanavyoimiliki nyumba. Wanandoa wengi wanaimiliki kwa pamoja bila mafungu, na mmoja akifa, yote inakwenda kwa aliyebaki, hata wosia uwe umesema nini. Wanaweza kuibadilisha ili kila mmoja awe na fungu lake, na hilo linasajiliwa Land Registry (ofisi ya usajili wa ardhi). Kisha kila mmoja anaandika wosia kwamba akifa, fungu lake liwekwe kwenye amana (trasti inayoanza baada ya kifo, si ile ya akiwa hai): mwenzake aishi humo maisha yake yote, halafu liende kwa watoto. Baba akifa kwanza na mama akaja kuingia makao miaka baadaye, nusu ya baba si mali ya mama na haiwezi kuhesabiwa kuwa yake. Nusu ya mama inahesabiwa kwa bei ambayo mnunuzi angekubali kuitoa kwa nusu nyumba, na bei hiyo inaweza kuwa chini sana ya nusu ya thamani yote. Mpango huu ni halali na umezoeleka. Ndio ninaoupendekeza kwa wanandoa, mradi uandikwe na wakili wa kweli wakiwa wazima.

La tatu ni wosia wenyewe. Kwa Waislamu mabadiliko hayo ya umiliki yana faida nyingine, maana bila fungu linalojitegemea hakuna kitu cha kugawa kwa mirathi ya Kiislamu. Sheria ya England inamruhusu mtu kurithisha kwa mafungu ya Qur'ani, lakini lazima kuwe na wosia wa maandishi, uliotiwa saini mbele ya mashahidi wawili ambao si warithi. Kuhusu kumpa mwenzake haki ya kuishi kwanza kabla ya mafungu kugawiwa, mshirikisheni mwanachuoni pamoja na wakili. Na yule mke wa nikahi isiyosajiliwa: bila wosia, mumewe akifa hapati kitu kama mke, itabidi aende mahakamani kuomba. Nikahi iliyofungwa kihalali Zanzibar au Kenya ni suala jingine, hutambuliwa hapa. Tunzeni cheti.

Hatua ya 6: Siku ya kuingia makao ikifika

Ombeni tathmini ya mahitaji kabla ya ile ya fedha. Ni haki ya kila mtu, tajiri na maskini. Kama nyumba inahesabiwa na akiba nyingine iko chini ya 23,250, kaunsili haiihesabu nyumba kwa wiki 12 za mwanzo. Tumieni muda huo kufikiri, msiuze kwa haraka.

Baada ya hapo, ombeni mkataba wa kuahirisha malipo. Kaunsili inalipa makao, inaweka dai lake kwenye nyumba, na inalipwa nyumba ikiuzwa, au ndani ya siku 90 baada ya mzee kufariki. Nyumba haiuzwi mzee akiwa hai asipotaka. Chukueni nyumba ya pauni 300,000 isiyo na deni. Inatolewa asilimia 10, kisha 14,250, inabaki 255,750 ya kukopea. Makao yanatoza 1,100 kwa wiki, mama ana pensheni ya 250. Anaruhusiwa kubaki na hadi 144, hivyo anatoa 106 na 994 inaahirishwa, karibu pauni 51,700 kwa mwaka. Nyumba hiyo inambeba miaka minne na kitu, kwa sababu juu yake kuna riba na ada za uendeshaji.

Familia zisizotaka riba zina njia nyingine: kuipangisha nyumba na kodi ilipe sehemu kubwa ya ada, watoto wachange kilichopungua, au kuiuza na kulipa taslimu. Kupangisha kunapunguza deni hata kwa wanaochukua mkataba. Msisahau pia Attendance Allowance, posho ya mzee anayehitaji msaada wa mtu, ambayo mwaka wa fedha 2025/26 ilikuwa pauni 73.90 au 110.40 kwa wiki. Anayejilipia, hata kwa mkataba wa kuahirisha, anaendelea kuipata.

Anayelipiwa na kaunsili anabaki na takriban pauni 30 za wiki mkononi, na makao anayopewa ni yale yanayoingia kwenye bajeti yao. Kama mahitaji ya mama ni chakula cha halali na kuogeshwa na wanawake tu, hakikisheni yameandikwa kwenye tathmini yake. Pakikosekana mahali pa bei yao panapokidhi mahitaji hayo, kaunsili inapaswa kuongeza bajeti, na haifai kuwalazimisha watoto kujazia.

Kama nyumba ilishahamishwa na kaunsili imeandika barua

Msijibu kwa simu. Ombeni uamuzi na sababu zake kwa maandishi: wanadai nia gani, na wana ushahidi gani kwamba mzee alitazamia kuhitaji malezi wakati ule. Chukueni rekodi za daktari za miaka hiyo, barua za wakili aliyehamisha hati, na maelezo ya kila aliyehusika. Ombeni uamuzi upitiwe upya, kisha wekeni malalamiko rasmi. Wakishikilia msimamo, pelekeni kwa Local Government and Social Care Ombudsman, mchunguzi huru wa malalamiko dhidi ya kaunsili, ambako kulalamika hakutozwi. Mashirika ya Age UK na Citizens Advice hutoa ushauri bure. Kwa wakili, tafuteni mwanachama wa Association of Lifetime Lawyers, chama cha mawakili wa mambo ya wazee, na mwulizeni bei kabla ya kikao cha kwanza.